Kochi la Watu Watatu

Gunia lilipotolewa, kiti cha katikati hakikunyanyuka.

Ndivyo ilivyoanza, na kitu kidogo namna hiyo mtu mwingine angekipita bila hata kukitupia jicho. Lakini Fundi alishona makochi tangu hajaolewa, na sponji alikuwa akiijua kama mama anavyoyajua masikio ya mwanawe. Sponji nzuri ukiikandamiza siku kadhaa halafu ukaiachia, inapumua. Inajivuta, inapanda taratibu, na mwishowe inabakiza bonde dogo tu la kumpokea mwenyewe. Hii haikupumua. Bonde lilibaki lile lile, pana na la kina, lenye alama ya mapaja mawili ya mtu mzima, na gunia la mchanga, hata mtoto anajua, halina mapaja.

Fundi akalipapasa kwa kiganja. Lilikuwa la vuguvugu.

Akajiambia ni jua la dirishani. Siku hiyo mawingu yalitanda tangu asubuhi, ila mtu akishaamua kujidanganya hataki kuulizwa maswali.

Kochi lenyewe halikuwa la mteja. Lilikuwa la nyumbani, limewekwa chumba cha juu mbele ya dirisha kubwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukaliwa na familia siku mwezi utakapopatwa.

Hiyo ilikuwa ahadi ya marehemu mumewe, dereva wa lori, jitu la miraba minne lililoitwa Bonge mtaa mzima. Mwaka mmoja nyuma, kabla kifua hakijamlaza, redio ilitangaza kwamba mwezi utapatwa wote, mapema jioni, saa ambayo hata watoto hawajalala. Bonge akamwambia binti yao, "Tutaangalia hapa hapa nyumbani. Sote watatu, taa zimezimwa, na wewe nitakupakata." Binti mwenyewe sasa alikuwa na miaka saba na mdomo wa miaka sabini, ndiyo maana akaitwa Kasuku.

Bonge akafa msimu wa mvua. Ahadi haikufa. Kasuku aliisimulia shuleni, akamsimulia muuza mkate, akamsimulia hata paka wa jirani aliyekuwa akijilamba zake. Kisha jioni moja, mama akimsuka nywele, akauliza, "Mama, na Baba atakaa wapi?"

Fundi akajibu kwa mikono. Alimwagiza seremala jirani fremu ya kochi la watu watatu, akafunga springi, akakata sponji, na pale katikati akaacha nafasi pana kuliko za pembeni. Nguo za Bonge alikuwa amezifungia sandukuni, hana moyo wa kuzigawa wala wa kuzitupa. Akazitoa moja moja, mashati, suruali za kazi, lile koti zito la safari, akazishindilia zote ndani ya kiti cha katikati, akashona juu yake. Alilia kidogo, akashona, akalia tena. Hakuona ubaya. Alitaka mumewe awepo.

Na bado ubaya haukuwa hapo. Ubaya ulikuja na gunia.

Maana Fundi alikuwa na mtindo wake, alioupata kwa mwanamke aliyemfundisha kazi. Mteja akiagiza kochi anapandishwa kwenye mizani ya karakana, halafu gunia linajazwa mchanga mpaka lilingane naye. Kochi likishashonwa, gunia ndilo linalolikalia kwa siku kadhaa badala ya mwenyewe, ili siku mwenyewe akikaa akute limeshamzoea. Wateja walicheka kupimwa kama vitunguu. Walipofika nyumbani wakakaa, waliacha kucheka, wakaleta na shemeji zao.

Uzito wa Bonge Fundi aliujua kwa kichwa. Akajaza gunia, seremala akamsaidia kulipandisha ngazi, wote wawili wakihema, wakalikalisha katikati. Kasuku akalivika kofia ya baba yake. Akarudi nyuma akalitazama, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Shikamoo, Baba Mchanga."

Na Fundi, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, akabana pumzi, akaifanya sauti yake nene kama ya Bonge.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Walicheka mpaka wakashikana. Ikawa ndio mchezo wao. Asubuhi shikamoo, usiku lala salama, na kila mara Fundi anaitikia kwa sauti ile nene. Zilikuwa siku za furaha katika nyumba iliyosahau furaha, na hakuna mwenye roho angewalaumu.

Sasa gunia lilikuwa limeshushwa. Fundi alilishusha peke yake, amelikumbatia upande mmoja wa kiuno kama mtu aliyebeba nguo za kufua, na hakujiuliza kitu. Akaliweka karakanani kwenye kona, akaendelea na kiti cha mteja.

Siku iliyofuata, akiwa chini anapiga misumari, alimsikia mwanawe juu.

"Shikamoo, Baba."

Nyundo ya Fundi ilikuwa hewani.

"Marahaba," ikajibu sauti nene.

Nyundo haikushuka. Fundi aliisikiliza nyumba yake yote, bomba linalodondosha, baiskeli inayopita nje, mwanawe anayecheka peke yake huko juu, halafu akapanda ngazi mbili mbili. Kasuku alikuwa amejikunja mwisho wa kochi, kichwa chake kimeegemea kiti cha katikati, anajizungushia nywele kidoleni.

"Nani amekujibu?"

"Si wewe?" Kasuku akasema. Kisha akafikiri. "Mama, mbona ulikuwa chini?"

Fundi akamkalisha jikoni na daftari la shule. Aliporudi karakanani jicho lake likaangukia gunia, na sasa ndipo akakumbuka jinsi alivyolishusha. Akalivuta kwenye mizani. Gunia lilikuwa limejaa mpaka shingoni, kamba imefungwa vile vile, mchanga unasikika ukichezacheza ndani. Mshale wa mizani ukatikisika kidogo, ukarudi kwenye sifuri.

Alisimama akiutazama mshale mpaka miguu ikamfa ganzi.

Usiku ule alimlaza Kasuku kitandani kwake, chumba cha nyuma ya karakana. Ngazi ya kwenda juu ilikuwa ya mbao, Bonge aliijenga mwenyewe, na kipandio chake cha juu kabisa kilikuwa na tabia yake. Kilikuwa kikimlilia Bonge tu. Fundi akikikanyaga, kimya. Kasuku akikirukia kwa makusudi, miguu yote miwili, kimya. Akikikanyaga Bonge kinatoa mlio mrefu, kama mlango wa zamani, na yeye alizoea kusema, "Mnasikia? Kinamjua mwenye nyumba." Kasuku alipousikia mlio ule alikuwa akikimbia kwenda kupakatwa.

Fundi alikuwa karibu kusinzia kipandio kilipolia.

Hakuinuka. Hakuwasha taa. Alimvuta mtoto kifuani na kumziba sikio kwa kiganja, akakaa akisikiliza springi za kochi huko juu, springi alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe, zikishuka moja baada ya nyingine polepole, kama zinavyoshuka mtu mzito anapojiweka vizuri baada ya safari ndefu, na baada ya hapo harufu ikaanza kuteremka ngazini, kwanza harufu ya sabuni na dizeli aliyoilalia miaka yote ya ndoa yake, mpaka moyo ukamruka kwa hamu, halafu chini yake, ikichungulia, harufu ya udongo uliochimbuliwa leo.

Asubuhi alimwita seremala walitoe kochi nje. Seremala alikuwa kijana wa kifua kipana, mcheshi, mwenye neno kwa kila jambo. Akashika upande wake, Fundi akashika wake. Wakanyanyua. Mwisho wa kulia ukapanda, mwisho wa kushoto ukapanda, lakini katikati pakabaki chini na fremu ikaanza kupinda na kulalamika. Seremala akaachia ghafla. Alitazama lile bonde, akafuta viganja kwenye suruali.

"Fundi," akanong'ona. "Hapa kuna mtu amekaa."

Hakutania tena. Alishuka zake, na mchana ule ule akamleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba, na tangu mlangoni hadi juu hakuacha kuilaani miguu hiyo, na ngazi, na watu wanaoishi juu ya ngazi. Fundi akamvutia kigoda.

"Pumzika kwanza, mama."

"Humu sikai," mganga akasema. Alisimama katikati ya chumba akitweta, ameshika nyonga. Alinusa. Akamtazama Kasuku kwa muda mrefu, kisha kochi, kisha Fundi. "Hebu niambie ulichofanya. Chote, mpaka cha aibu."

Fundi akamwambia. Nguo, gunia, kofia, shikamoo. Alipofika kwenye ile marahaba, mganga akafumba macho.

"Mumeo yuko alikolala, hana habari na wewe," akasema. "Huyu si yeye. Hawa ni wapita njia. Wanazunguka usiku na mchana wanatafuta pa kukaa, na wengi wanaishia kuzunguka, maana watu hawawawekei nafasi. Wewe umempimia, umemjazia, umemvisha kofia. Mwanao akamwamkia, na wewe ukamwitikia kwa niaba yake. Dada yangu, hata mkwe hapokelewi hivyo."

"Nilikuwa nacheza na mwanangu."

"Najua."

"Anataka nini?"

Mganga alimgeukia Kasuku. "Mjukuu, huyo anayekaa hapo huwa anakwambia nini?"

Kasuku, mwenye la kusema kwa kila mtu, akatazama vidole vyake vya miguu. "Anauliza mwezi utapatwa lini. Nikamwambia keshokutwa. Akasema ukizimika wote atanipakata, na hataniachia tena."

Fundi akamvuta mwanawe kwake. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kochi na nyumba yote si kitu, kwamba kitu kile kinamtaka mtoto, huyu mmoja tu aliyebaki naye duniani.

"Nitahama leo," akasema.

"Utahama naye. Mlimkalisha wawili, mtamwinua wawili." Mganga alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Nisikilize. Mchana hapo ni nguo tupu, ukifumua unajichosha. Ngoja mwezi uanze kuliwa. Hapo atakuwa amekaa kwa uzito wake wote, na hapo ndipo utamfumua, kwa mkono wako ulioshona, mpaka nguo ya mwisho. Mwezi ukizimika na bado ana pa kukaa, amekuwa mtu wa nyumba hii. Atasema. Atasema maneno yatakayokuuma. Asijibiwe. Hata neno moja, hata kikohozi. Asiye na kiti na asiye na wa kumjibu, ataondoka."

"Na mtoto?"

"Mtoto awepo, alimwamkia. Aone kwamba kiti hakipo." Mganga akamtazama Kasuku tena, akatikisa kichwa. "Na huyu ashike maji mdomoni. Namuona tu, huyu hatanyamaza kwa kuambiwa."

Jioni ya siku yenyewe anga lilikuwa safi kabisa. Mtaa wote ulikuwa nje, watu wamepanda juu ya paa na kuta, wanaitana, wanacheka. Kwa mwaka mzima Fundi alikuwa ameingoja jioni hii, na sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi na wembe mkononi, ameshajikata kidole kabla hajaanza. Taa zilikuwa zimezimwa. Kasuku alikaa mwisho wa kochi, upande wake, mashavu yamemjaa maji, macho makubwa. Mganga alibaki chini, ameegemea mlango wa karakana ulioachwa wazi. "Akitoka atapita kwangu," alisema. "Nitamjua."

Mwezi ukachomoza juu ya mapaa ya mbele, mviringo, mweupe. Ukapanda. Kisha ukingo wake mmoja ukaanza kuwa mweusi, na nje watoto wakapiga kelele za furaha, na ngazini kipandio cha juu kikalia.

Kochi likazama. Fundi aliona kwa macho yake kitambaa kikijikaza na kushuka, mapaja mawili, mgongo ukiegemea, na upande wa Kasuku ukainuka kidogo kama ulivyokuwa ukiinuka zamani Bonge akikaa karibu naye. Akatia wembe kwenye mshono. Uzi wake aliujua, nailoni nene, hatua ndefu za sindano, ila sasa katikati ya hatua zake kulikuwa na hatua nyingine ndogo ndogo za mkono usio wake, za uzi mwembamba uliomkwama wembeni, na aliposogeza uso karibu akaona kwamba ni nywele, nywele za Kasuku, moja moja, alizoziacha hapo kila alipoegemeza kichwa.

Akakata. Akavuta shati la kwanza. Lilikuwa la moto na limelowa jasho.

"Mama Kasuku," ikasema sauti juu ya kichwa chake.

Ilikuwa sauti ya Bonge. Si kama ya kwake, ya kwake hasa, na ule mkwaruzo wa kifua alioamka nao asubuhi zote za mwisho. Fundi akauma mdomo.

"Nimechoka, mke wangu. Nimetembea sana. Mbona unanivua nguo?"

Alikata, akavuta, akakata, akavuta, na nje mwezi ulikuwa umebaki nusu, na mashati yakarundikana magotini pake yakifuka harufu ya dizeli na sabuni, na sauti haikunyamaza, ikamkumbusha siku alipomlisha uji kwa kijiko akautapika na yeye akaenda nje kulia akidhani hasikiki, ikasema nilikusikia, ikasema sikutaka kufa, Mama Kasuku, ulilala usingizi usiku ule na mimi nilikuita, nilikuita ukalala, na Fundi, ambaye kwa miezi yote hiyo jambo hilo ndilo lililomtafuna, kwamba alilala, alifungua mdomo aombe msamaha na akajaza mdomo huo kwa mkono wa shati, akaung'ata, akaendelea kukata huku machozi na makamasi yanamchuruzika kwenye kitambaa. Hakujibu. Chochote kitakachosemwa juu ya mwanamke huyu, hakujibu.

Mwezi ulikuwa kipande chembamba. Akatoa suruali za kazi. Akatoa lile koti zito la safari, na lilipotoka kiti chote kikaporomoka hadi kwenye springi, mikanda ikilia, na harufu ya dizeli ikakatika ghafla, ikabaki ya udongo peke yake.

Ile sauti iliposema tena ilikuwa ndogo. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyeachwa barabarani na usiku unaingia.

"Basi nikae wapi?"

Fundi alijua wameshinda. Aligeuka kumtazama mwanawe, ampe ishara ya subira, kidogo tu, na kwenye mwanga ule wa mwisho akaona machozi yakimtoka Kasuku. Si ya woga. Mtoto alikuwa akiona huruma. Fundi alinyoosha mkono, na kabla mkono haujafika akasikia koo dogo likimeza maji.

"Kaa kwangu, Baba," Kasuku akasema. "Nitakupakata mimi."

Mwezi ukazimika.

Giza lilikuwa jekundu na zito. Nje mtaa mzima ulishangilia. Fundi alimkumbatia mwanawe gizani, akamfunika kwa mwili wake, akangoja kitu kimpige, kimvute, kimpasue. Hakuna kilichotokea. Kasuku alipumua polepole shingoni pake. Walikaa hivyo muda ambao Fundi hakuweza baadaye kuukadiria, mpaka mstari wa nuru ukatokea tena ukingoni mwa mwezi na chumba kikarudi, dirisha, ngazi, rundo la nguo, na mbele ya macho yake kile kiti cha katikati, kilichobaki na sponji yake tu, kikajivuta, kikapumua, kikapanda taratibu mpaka juu, kama sponji nyingine yoyote.

Sauti ya mganga ikaja kutoka chini, ya chini chini. "Fundi. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hapa hakijapita kitu. Kuna aliyejibu huko juu?"

Fundi alimtazama mwanawe. Alifikiri juu ya wembe, juu ya mganga, juu ya namna alivyosema atafumuliwa mpaka nguo ya mwisho. Akawaza ni nini kitakachofumuliwa sasa, na kwa mkono wa nani.

"Hakuna," akasema.

Wakamsikia mganga akikokota miguu yake barabarani, hakusema kwaheri, na kwa mara ya kwanza hakuilaani.

"Mama," Kasuku akasema. Sauti ilikuwa yake, nyembamba, ya usingizi. "Nimeuona wote. Ulikuwa mwekundu."

"Umeona eh? Twende ukalale, mwanangu." Fundi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Akamtia mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, kama alivyombeba kila usiku tangu alipozaliwa, akanyanyua.

Hakunyanyuka.

Fundi akajaribu tena. Akajikaza mpaka kiuno kikamlia, miguu ikateleza kwenye sakafu, na mtoto akabaki alipo akimtazama kwa upole, hajasogea hata kidogo. Fundi aliujua uzito ule. Alikuwa ameupima mwenyewe, karakanani, kwa mchanga.

"Acha, Mama, utaumia," Kasuku akasema, akampigapiga begani. "Nitatembea."

Akashuka kwenye kochi. Pale alipokuwa amekaa palibaki bonde, pana na la kina, na halikunyanyuka. Alipita mbele ya dirisha, miguu mitupu, gauni lake la kulalia lenye maua, na mbao za sakafu zikainama kidogo chini yake kila alipokanyaga. Fundi alibaki amepiga magoti kati ya nguo za mumewe.

Kasuku akafika kichwani mwa ngazi. Akashika ukuta, akashusha mguu mmoja mdogo juu ya kipandio cha juu kabisa.

Kipandio kikalia.